Nguzo ya Pili

Desturi ya Wakurya haina mzaha kwa mtu na mama mkwe wake. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawashikani mikono, wala mmoja hatamki jina la mwenzake hata akiwa peke yake. Wakikaribia kukutana njiani, kila mmoja anajua la kufanya. Robi, mama mkwe wa Filemoni, alikuwa mwepesi wa kujificha kuliko umri wake. Akimwona mkwewe kwa mbali aliingia kichakani, au nyuma ya ghala, na siku moja alijificha nyuma ya ng'ombe wa jirani, ila yule ng'ombe hakutaka kuingizwa katika mambo ya watu, akaondoka zake na kumwacha mama wa watu mahali peupe. Filemoni naye hakuwa nyuma. Akisikia sauti yake tu, hata ikiwa ni kikohozi, aliruka nje ya njia kama mtu aliyekanyaga siafu, mzigo wake begani, akasimama huko akitazama majani mpaka nyayo zipite. Hakuwa anafikiri. Alifunzwa hivyo tangu alipopeleka ng'ombe wa mahari, na mwili wake ulikuwa umelishika somo kuliko kichwa.

Isitoshe, miaka mingi hakuwepo nyumbani. Alikuwa Kisumu, kwenye karakana moja ya mashua, akikereza milingoti na magurudumu ya kuvutia kamba. Alirudi kijijini Susuni likizo kwa likizo, analala siku zake, anaondoka. Mambo ya Kenya yalipochafuka, watu wakawa wanasimamishwa kila kona waonyeshe vipande vyao vya kitambulisho, alifunga virago akaja moja kwa moja. Siku aliyofika, binti yake Gati alimkimbia na kwenda kumwambia mama yake kwamba kuna mgeni uani.

Nyangi hakucheka. Alimkaribisha mumewe, akampa maji ya kunawa na chakula, akangoja ashibe.

"Baba Gati," alisema, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi, "ukirudi tena kule, mimi narudi kwa mama. Nimechoka kuwa mjane wa mtu aliye hai."

Filemoni alimwamini. Nyangi hakuwa mtu wa kutishia.

Tatizo ni kwamba Susuni hapakuwa na mashua wala milingoti. Alikereza michi na miguu ya viti, watu wakasifu, wakanunua mmoja mmoja, na mchi mzuri, kwa bahati mbaya ya fundi, hauvunjiki. Alikuwa ameanza kuwaza Kisumu kimyakimya pale padri wa misheni alipomwita kilimani, kwenye kanisa jipya la mawe. Padri alitaka nguzo mbili za mvule za kubeba boriti kuu, ziwe za mviringo, nene, zenye vikuku shingoni na chini. Zikitoka nzuri, Filemoni angepewa kazi ya kudumu ya misheni, milango, madawati na vitanda vya zahanati. Zikichelewa mpaka mvua kubwa, lori lingekwenda Musoma kuleta nguzo za saruji. Padri hakusema hivyo kwa ubaya. Alikuwa na kuta nne zisizo na paa, na mawingu hayamwogopi mtu. Filemoni alikubali, akijua kwamba anachokubali ni zaidi ya nguzo.

Magogo yaliletwa matatu, moja la akiba. Kila moja lilikuwa refu kuliko watu wawili waliopandana mabegani, na unene wa mtu mzima kulikumbatia bila vidole kugusana. Kerezo, mtambo wa kuzungusha mti unaochongwa, lenye uwezo wa kubeba gogo kama hilo halikuwepo kokote wilayani, kwa hiyo Filemoni alilijenga mwenyewe, ndani ya banda la fito na paa la nyasi kando ya kanisa. Alizika mihimili miwili mpaka kiunoni, akaifunga kwa boriti. Okech, mhunzi aliyekuja kutoka upande wa pili wa mpaka, alimfulia ncha mbili za chuma zenye ukubwa wa pembe ya mbuzi, moja ya kulidunga gogo kila upande ili lizunguke katikati yake. Pembeni alisimamisha gurudumu kubwa la mbao lenye mkono wa kuzungushia, na kamba nene ya ngozi ya ng'ombe ilitoka kwenye gurudumu ikalizunguka gogo shingoni.

Sasa, kukereza gogo kubwa si suala la nguvu, ingawa kila mwanamume aliyepita pale alifikiri hivyo. Ni suala la mwendo. Mguu wa kiti unaweza kuuzungusha mbio, hakuna atakayeumia. Gogo nene likizungushwa mbio, upande wake mmoja daima ni mzito kuliko mwingine, nalo huanza kurukaruka, na likisharuka halichagui pa kutua. Filemoni alifunga mawe upande mwepesi ili lilingane. Halafu akatafuta watu wa gurudumu, na hapo ndipo alipokosea.

Alimchukua Mseti na wenzake. Mseti alikuwa na mabega ya fahali, na alikuwa mpiga iritungu, zeze la Kikurya, na mwimbaji anayejulikana mpaka Kenyamonta. Asubuhi ya kwanza walishika mkono wa gurudumu, gogo likaanza kuzunguka polepole, patasi ndefu ikaanza kumenya maganda, na Filemoni akahisi furaha aliyokuwa ameisahau. Kisha Mseti akaanza kuvumisha wimbo.

"Mseti, usiimbe," Filemoni alisema.

"Mura, gurudumu bila wimbo nitalizungushaje? Mimi si punda."

"Basi imba taratibu."

"Taratibu ndiyo kawaida yangu."

Haikuwa kawaida yake, wala haikuwa ya mtu yeyote pale. Wimbo wa kiume wa Kikurya hauna taratibu. Mseti alianza na ng'ombe wa baba yake, akafika kwa ng'ombe wake mwenyewe, akasimulia simba aliyekutana naye huko nyikani na jinsi simba alivyojuta. Mwenzake hakuweza kuyaacha hayo yapite bila kujibiwa, akamtaja simba wake, ambaye alikuwa mkubwa zaidi. Gurudumu likafuata wimbo. Filemoni alipiga kelele, wakadhani anashangilia. Gogo lilitoka kwenye ncha zake, likapita kwenye ukuta wa banda kana kwamba ukuta ulikuwa moshi, likashuka mteremko na kugonga rundo la mawe ya kanisa, likapasuka katikati. Hakuna aliyeguswa. Mseti alimaliza ubeti wake kwanza, ndipo akatoka nje kuangalia.

Likawa limebaki gogo moja kwa kila nguzo, akiba hakuna. Filemoni aliwakataza kuimba kabisa, nao walitii, wakawa wanazungusha na kusimama, wanazungusha na kupiga miayo. Kila gurudumu liliposita patasi ilizama, na kila liliposhtuka patasi iliruka. Alijaribu watu wengine, wakawa walewale. Mwisho aliwashukuru wote, akarudi nyumbani na kukaa kwenye kigoda alichokikereza mwenyewe, mikono magotini. Alikuwa na hofu, na hakujaribu kuificha.

"Kuna mtu anayeweza," Nyangi alisema.

"Nani?"

Nyangi alitazama pembeni. Mtu akitazama pembeni namna ile mbele ya mumewe, ni watu wachache tu anaoweza kuwa anawafikiria.

"Haiwezekani," Filemoni alisema.

"Umewahi kumsikia akisaga wimbi? Hujawahi, utamsikia wapi. Mimi nimelelewa kwenye mgongo ule. Mama akiwa jiweni, mtoto wa mgongoni haamki. Hapungui, haongezi. Anaanza jua likitoka na anamaliza vilevile alivyoanza."

"Nyangi, mimi na mama tukae banda moja?"

"Nimekwisha kumwambia. Amesema ujenge ukuta."

"Amesema nini kingine?"

"Amesema binti yake ana mume, na mume mahali pake ni nyumbani."

Ukuta ukajengwa, wa fito na udongo, katikati ya banda, kerezo huku na gurudumu kule. Palikuwa na tundu moja la kupitisha kamba, nalo Filemoni alilifunika kwa gunia lililopasuliwa kidogo, asije akaona hata ukucha. Robi alikuja na wajane wawili wenzake, wasagaji wenzake wa siku zote. Walipitia nyuma. Filemoni aliwasikia wakitua mizigo yao, wakicheka kidogo, wakinyamaza.

"Mwambie mama nimemwamkia," alimwambia Nyangi, aliyesimama mlangoni ambapo aliweza kuonekana na pande zote mbili.

Nyangi aliingia kule akarudi. "Mama anasema marahaba. Anasema pia kamba yako imelegea."

Aliiangalia kamba. Ilikuwa imelegea.

Wanawake watatu walilianzisha gogo kwa pamoja, kwa kusukuma na kuvuta, na liliposhika mwendo Robi alibaki kwenye mkono wa gurudumu peke yake, wengine wakimpokea akichoka. Nyangi alikuwa amesema kweli. Gogo lilizunguka kwa mwendo uleule, asubuhi hata jioni, bila wimbo, bila simba. Filemoni alikaza mpini wa patasi chini ya kwapa, akaacha chuma kiguse, na mti ukaanza kutoa maranda marefu yaliyoanguka miguuni pake. Alijua sasa kwa nini huko Kisumu mzee wa karakana alikuwa akifunga macho anapokereza. Hakuwa amewahi kupata gurudumu la namna hii.

Siku zilivyokwenda alianza kumjua mama mkwe wake, kwa kadiri inavyowezekana kumjua mtu kupitia kamba. Alijua anapobadilisha mkono. Alijua goti lake moja linamsumbua asubuhi za baridi, kwa sababu kamba ilikuwa na kilema kidogo mpaka jua lipande. Alijua akikasirika, maana wajane wenzake walipoanza kumsema mtu, gurudumu lilikuwa zito kidogo na la heshima zaidi. Robi naye, upande wa pili, alikuwa na ya kwake. Alituma ujumbe kupitia Nyangi kwamba patasi imekuwa butu, na ilikuwa butu. Alituma kuuliza kwa nini fundi hali mchana. Filemoni akala.

Nguzo ya kwanza ilitoka nzuri. Padri alikuja akaipapasa juu mpaka chini, akatabasamu, akatazama juu mawinguni, akaondoka. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa ziwa.

Nguzo ya pili ilikwenda vizuri vilevile mpaka karibu na mwisho. Shingo ilikwisha, vikuku vya juu vilikwisha, ikabaki sehemu ya chini na kulainisha. Siku hiyo Nyangi na wale wajane wawili walikuwa wameteremka mtoni kuchota maji. Kazi ilikuwa nyepesi, Robi akasema atazungusha peke yake. Filemoni alikuwa amejifunga kitambaa puani, mdomoni mpaka masikioni, kwa sababu vumbi la mvule linawasha na kupigisha chafya mpaka mtu anasahau alichokuwa anafanya. Alikuwa akikereza karibu na kitako, ameinama, uso wake karibu na gogo. Alikuwa anafikiria milango ya zahanati. Alikuwa ameanza, kwa mara ya kwanza, kujiona amekaa nyumbani.

Mvule una tabia moja mbaya, kila seremala anaijua. Ndani yake mti huo huficha mawe. Patasi iligusa jiwe, ikatoa cheche, ikaruka. Filemoni aliiweka sawa akaendelea, akijisemea kwamba ni kajiwe tu. Hakujua kwamba mshtuko ule ulikuwa umeilegeza ncha ya upande wa kitako, na tundu lake lilikuwa linapanuka kwa kila mzunguko. Hakusikia gogo likianza kugonga, maana masikio yalikuwa yamefungwa. Hakuona pia, maana macho yake yalikuwa kwenye makali ya patasi.

Robi alihisi. Kamba ilikuwa ikimlegea na kumvuta, ikimlegea na kumvuta, mkononi kabisa. Alijua kitu kinakwenda vibaya kule, na alijua pia kwamba gogo zito halisimami kwa sababu tu gurudumu limesimama. Aligeuka mlangoni. Nyangi hakuwepo. Hapakuwa na mtu wa kumpitishia neno.

"Filemoni!"

Filemoni alilisikia hilo, hata kwa kitambaa masikioni. Lilikuwa jina lake, katika sauti ya mama mkwe wake, na lilitoka karibu kiasi kwamba mwili wake haukungoja maelezo. Aliruka. Aliruka kando kama alivyoruka miaka yote kwenye njia za Susuni, patasi mkononi, akasimama pembeni ya banda uso wake ukiwa ukutani na macho yakitazama udongo kwa aibu.

Nyuma yake gogo lilianguka. Lilitua juu ya maranda, mahali penyewe alipokuwa ameinama, na ardhi ikatikisika mpaka miguuni.

Ilimchukua muda kugeuka. Alipogeuka aliona kitako cha nguzo kimelalia alama za nyayo zake. Hakuwa amekimbia gogo, hakuwa hata amejua kwamba kuna gogo la kukimbia. Alikuwa amempisha mama mkwe. Akakaa chini palepale, akavua kitambaa.

Upande wa pili gurudumu lilikuwa limesimama.

Kisha kamba ikasogea. Ilikuwa imechomoka kwenye gogo na kubaki inaning'inia tunduni, na sasa ilivutwa kidogo, kiasi cha upana wa kiganja, ikasimama. Filemoni aliitazama. Alitaka kusema, mama, nipo, sijaumia. Alifungua mdomo na mdomo ukakataa. Akanyoosha mkono akaishika kamba, akaivuta upande wake, kiasi kilekile.

Kule ng'ambo mtu alishusha pumzi ndefu, halafu akaanza kulia polepole, kilio cha mtu aliyefunika uso kwa nguo. Filemoni naye alilia. Aliendelea kushika kamba mpaka aliposikia sauti za wanawake wakipanda kutoka mtoni.

Nyangi alitua mtungi akatazama gogo lililolala, akamtazama mumewe.

"Nani aliyekuwa anaita? Tumesikia mtu anaita jina lako."

"Mimi sikusikia," Filemoni alisema.

Nyangi alikwenda upande wa pili. Mama yake alikuwa anapangusa mkono wa gurudumu kwa pembe ya nguo, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, nani aliyekuwa anaita?"

"Vumbi la mti huu ni baya," Robi alisema.

Nyangi hakuuliza tena. Jambo la namna ile lina dawa yake, mbuzi na wazee na maneno ya kutakasa, lakini ili utakaswe ni lazima kwanza useme. Hakuna aliyesema. Ndiyo siri pekee waliyowahi kuwa nayo pamoja, mtu na mkwewe, na waliitunza vizuri kuliko watu wanaotazamana.

Mseti na wenzake waliitwa kulinyanyua gogo. Walikuja na nyimbo zao, wakalipandisha kwa kishindo na mizaha, wakauliza kama wanawake wamechoka, wakaambiwa waende zao. Kitako kilikuwa kimechubuka, lakini sehemu hiyo ingezikwa kwenye msingi wa mawe, na lile jiwe la ndani ya mti lingebaki juu yake. Filemoni alikaza ncha upya, akatoboa ndani zaidi, akagonga kabari. Upande wa pili Robi alingoja mpaka akasikia nyundo imenyamaza. Gurudumu lilianza bila ujumbe wa mtu yeyote. Nguzo ikakwisha mvua ikiwa tayari inanyesha upande wa Kenya, na boriti ikapandishwa, na mabati yakafuata. Lori halikwenda Musoma.

Siku ya kufungua kanisa watu walijaa mpaka nje. Padri alisema humo ndani wote ni ndugu, hakuna wa mbele wala wa nyuma, watu wakajibu amina, na Robi akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa upande wa wanawake, chini kabisa, nyuma ya nguzo ya pili. Ilikuwa nene kiasi cha kumtosha. Filemoni alikuwa upande wa wanaume, akitazama mbele kama inavyopasa. Alijua yuko pale kwa sababu goti moja lilikuwa limejitokeza kidogo, halafu likarudishwa.

Katikati ya wimbo Gati alitoka nyuma ya nguzo, akapita kati ya miguu ya watu mpaka kwa baba yake, akamvuta shati.

"Baba, bibi anasema hapa nyuma kuna kitu kinakwaruza. Kama jiwe. Anasema umesahau kulisugua."

Filemoni aliinama mpaka sikioni kwake. "Mwambie bibi sikusahau. Ni lile jiwe. Nimeliacha upande wake."

Gati aliondoka na ujumbe. Wimbo ulikwisha, ukaanza mwingine. Filemoni aliendelea kutazama mbele, na hakuona chochote, na hakutaka kuona. Baadaye mtoto akarudi.

"Bibi amesema sawa," alisema, akapanda mapajani pake akakaa huko mpaka ibada ilipokwisha.